Goti likivimba, simulia na habari za tumbo

Kati ya Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, mtu akiingia zahanati akasema viungo vinamuuma na mwili umechoka, anajua mapema atakachopimwa. Atatolewa damu kidogo, ataambiwa angoje kwenye benchi, kisha ataitwa aelezwe kama ana malaria, homa ya matumbo au brusela. Kwa wenye viungo vinavyouma, mara nyingi jibu huwa brusela. Atapewa dawa za wiki sita, pengine na sindano, na atarudi kwao Chakol, Adungosi au Amukura akiwa ametulia moyo kwa kuwa ugonjwa wake umepata jina.

Lakini kuna ugonjwa unaopenya katikati ya vipimo hivyo vyote bila kuonekana. Huanzia tumboni au kwenye njia ya mkojo, hutulia, na wiki chache baadaye hutokea gotini, kwenye kifundo cha mguu, kisiginoni na hata machoni. Madaktari huuita riaktivu athraitisi, yaani baridi yabisi inayofuata maambukizi yaliyotokea mahali pengine mwilini. Hakuna kipimo kimoja cha maabara kinachoweza kuutaja. Hutambuliwa kwa masimulizi ya mgonjwa, na kwa macho na mikono ya mtabibu anayemchunguza. Pale foleni ilipo ndefu na mtabibu ni mmoja, masimulizi ndiyo yanayokatizwa kwanza, na ugonjwa huu hupotea hapo hapo.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 26 mwenye bodaboda, kazi iliyozaliwa kwenye mpaka huu huu zamani za baiskeli zilizovusha abiria na mizigo kati ya forodha mbili. Ni mfano tu, lakini kila kitakachompata kimo katika vitabu vya tiba. Asubuhi moja anashusha miguu kitandani na kisigino cha kulia hakikanyagiki. Anajikongoja hadi mlangoni akishika ukuta. Goti la kulia limejaa, ngozi imevutika, ukilibonyeza pembeni unasikia maji yakihama. Goti la kushoto ni zima kabisa. Kidole kimoja cha mguu, cha pili kutoka kwenye gumba, kimevimba chote kuanzia shina mpaka kwenye ukucha, chekundu na kinene kama soseji, wakati wenzake wamebaki wembamba. Kufikia saa nne, baada ya kutembea kidogo, miguu inalegea na anaweza kukanyaga pedali. Akikaa muda mrefu kijiweni akingoja abiria, inakaza tena.

Anayoyaona yeye ni hayo. Asiyoyaunganisha ni mengine. Wiki iliyopita macho yake yalikuwa mekundu na yenye kuwasha, akasema ni vumbi la barabara. Kabla ya hapo mkojo ulimchoma siku mbili tatu; hakumwambia mtu, na ukaacha wenyewe. Na kama wiki tatu zilizopita aliharisha vibaya, pamoja na wenzake waliokula chakula kimoja kwenye shughuli ya matanga. Akifika zahanati atasema jambo moja tu: goti. Hayo mengine hayatatoka mdomoni mwake mpaka aulizwe, kwa sababu kwake ni visa vitatu vilivyokwisha, kila kimoja na sababu yake.

Kwa mtabibu aliyewahi kuuona ugonjwa huu, visa hivyo vitatu na goti ni kisa kimoja.

Chanzo chake kinafahamika vizuri. Kwa upande wa tumbo, bakteria wanaohusika ni wale wa kuhara damu wanaoitwa shigela, pamoja na salmonela, kampilobakta na yasinia. Kwa upande wa njia ya mkojo na uzazi, mhusika mkuu ni klamidia, ugonjwa wa zinaa unaofanana na kisonono lakini mkimya kuliko kisonono. Maambukizi yanapita, na kati ya wiki moja na nne baadaye kinga ya mwili, iliyoamshwa kupigana nayo, inawasha moto kwenye viungo. Daktari akivuta maji ya gotini na kuyaotesha maabara, kwa kawaida hakuna bakteria anayeota. Kwa klamidia, hata hivyo, watafiti wamekuta chembe za bakteria huyo, na pengine bakteria wenyewe wakiwa wamelala, ndani ya utando wa kiungo. Ndiyo maana tiba ya aina hii inataka uangalifu zaidi, kama tutakavyoona.

Historia ya ugonjwa huu iliandikwa na vita na vyoo vibovu. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari wa jeshi la Ujerumani Hans Reiter alieleza habari za afisa aliyeharisha damu, kisha akapatwa na maumivu ya mkojo, macho mekundu na viungo vilivyovimba. Mwaka huo huo Wafaransa wawili, Fiessinger na Leroy, walieleza askari wao waliopatwa na mambo yale yale. Kwa miaka mingi ugonjwa uliitwa kwa jina la Reiter. Jina hilo sasa limeachwa, na ni haki liachwe: Reiter aliiongoza ofisi ya afya ya Ujerumani chini ya Wanazi na alihusika na majaribio ya kikatili kwa wafungwa. Mwaka 1969 watafiti wa Finland ndio walioleta jina linalotumika leo.

Finland hiyo hiyo ilikuwa imeshatoa somo kubwa. Mwaka 1944, wakati wa vita, nchi ilikumbwa na mlipuko wa kuhara damu, na daktari aliyeitwa Paronen akachapisha mwaka 1948 habari za wagonjwa 344 waliopatwa na ugonjwa huu wa viungo baada ya kuhara. Ni idadi ndogo ukilinganisha na maelfu kwa maelfu walioharisha. Wengi huharisha, wachache huvimba goti. Lakini mahali ambapo kuhara ni jambo la kila msimu wa mvua, na ambapo visima na vyoo vya shimo vinakaribiana, wachache hao hawakosekani.

Kwa nini huyu apatwe na yule asipatwe? Ulaya, sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 1973, pale ugonjwa huu ulipohusishwa na alama ya kurithi kwenye chembechembe za mwili inayoitwa HLA-B27. Watu wenye alama hiyo hupatwa zaidi, na wakipatwa huumia zaidi na kwa muda mrefu. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara alama hiyo ni adimu sana. Hiyo ndiyo sababu moja iliyofanya vizazi vya madaktari wetu wafundishwe kwamba magonjwa ya viungo ya aina hii hayatuhusu sana.

Kisha ukaja ukimwi. Katika miaka ya 1980 na 1990 madaktari wa Afrika ya kati, mashariki na kusini walianza kuona vijana wenye magoti na vifundo vilivyovimba kwa namna ambayo hawakuizoea. Mwaka 1998 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Zambia walichapisha habari za wagonjwa wa aina hii, na wengi mno kati yao walikuwa na virusi vya ukimwi. Hawakuihitaji alama ile ya kurithi. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa mbali ulikuwa umehamia kwenye barabara zetu.

Na mpaka huu uko kwenye barabara hizo. Malaba ndipo njia kuu ya kutoka bandari ya Mombasa inapovuka kuingia Uganda, kuelekea Kampala, Rwanda na mashariki ya Kongo. Busia inapitisha magari yanayokuja kwa njia ya Kisumu. Madereva wa malori hulala hapa. Mwaka 2020, wakati wa korona, walilala siku nyingi mfululizo huku foleni ikienda kilomita kwa kilomita kuelekea Bungoma. Penye madereva wanaolala, wafanyabiashara wanaovuka asubuhi na kurudi jioni, wabadilishaji fedha na vijana wa bodaboda, magonjwa ya zinaa huwa na njia ya kupita. Kulisema hili si kuwasuta watu wa mpakani. Kulinyamazia ndiko kunakowaumiza, kwa sababu kijana anayeogopa kuonekana mhuni hatamtajia daktari mkojo uliomchoma, na daktari asipoambiwa ataitibu brusela.

Hapa kwenye brusela lazima tusimame kidogo, kwa sababu ndipo wagonjwa wengi wa viungo wanapopotelea.

Brusela ipo. Ni ugonjwa wa kweli unaotoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika mnyama anayezaa au aliyeharibu mimba, na huleta homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya mgongo na viungo. Nyumba nyingi za Wateso wa hapa na majirani zao zina ng'ombe, kwa hiyo kuushuku si kosa. Tatizo ni kipimo. Fundi wa maabara hudondosha tone la maji ya damu kwenye kadi nyeupe, huongeza tone la dawa yenye rangi, huchanganya kwa kijiti, huizungusha kadi polepole na kutazama kama chembe zinagandana. Zikigandana, una brusela. Ni rahisi, ni haraka, na bei yake mtu huimudu.

Watafiti walikijaribu kipimo hicho hapa hapa, katika eneo la Busia, na mwaka 2017 wakachapisha walichokiona. Walikuwa na wagonjwa 825 waliofika hospitalini na dalili zinazofanana na za brusela. Kipimo cha haraka kiliwatangaza 162 kuwa nayo, karibu mtu mmoja katika kila watano. Sampuli zilipopimwa kwa kipimo kingine kinachoaminika zaidi, kiitwacho Rozi Bengali, wenye majibu ya ndiyo kati ya wote 825 walikuwa 8 tu.

Soma tena tarakimu hizo, mia moja sitini na wawili kwa wanane. Karibu wote waliotangazwa na kipimo cha haraka walikuwa wanaumwa na kitu kingine. Sisemi kwamba walikuwa na ugonjwa tunaouzungumzia. Homa na maumivu ya viungo vina mama wengi. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekwisha pewa jina la ugonjwa huacha kutafutwa, na yeye mwenyewe huacha kutafuta.

Kuna mtego mwingine ndani ya mtego huo, na sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Dawa kuu ya brusela ni doksisaiklini, ambayo hutolewa pamoja na nyingine kwa wiki sita. Doksisaiklini hiyo hiyo ndiyo inayoua klamidia, kwa siku saba tu. Kwa hiyo kijana kama wetu, ikiwa ni klamidia iliyomwasha goti, akitibiwa brusela ambayo hana, mkojo wake utatulia, na huku ugonjwa wa viungo wenyewe kwa kawaida hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Atapata nafuu. Atasadiki, na mtabibu wake atasadiki, kwamba ilikuwa brusela. Mkewe au mpenzi wake, ambaye hakuguswa na tiba hiyo, anabaki na klamidia. Baada ya muda mfupi kijana anaambukizwa upya, goti linavimba upya, na watu wanasema brusela imerudi. Nani ataambiwa kwamba alikuwa anazunguka palepale?

Basi mtu autambueje ugonjwa huu?

Tazama kwanza ni viungo gani. Huupenda mguu kuliko mkono: goti, kifundo cha mguu, nyayo na vidole vya miguu. Viungo huwa vichache, kimoja hadi vinne hivi, na huwa haviendi sambamba. Goti la kulia na kifundo cha kushoto, kwa mfano. Yule mama ambaye vidole vya mikono yote miwili vimevimba kwa kulingana, kulia kama kushoto, kwa miezi mingi, huenda ana ugonjwa mwingine wa viungo unaohitaji daktari wake. Mzee ambaye magoti humuuma jioni baada ya kulima na kupata nafuu akilala, naye ni habari nyingine. Ugonjwa wetu huuma zaidi baada ya kupumzika. Usiku wa manane mgonjwa huamka kwa maumivu ya kiuno cha chini au ya matako, na asubuhi hukaza kwa nusu saa au zaidi kabla hajajinyoosha.

Pili, shika kisigino. Pale kano nene ya nyuma ya mguu inapojishika kwenye mfupa, au chini ya unyayo mbele ya kisigino, pana maumivu makali unapobonyeza. Ugonjwa huu hushambulia hasa sehemu ambazo kano huungana na mifupa, na hapo ndipo unapotofautiana na magonjwa mengi ya viungo. Kijana mwenye afya, asiyeruka wala kukimbia, akiamka siku moja visigino haviguswi, afikiriwe kuwa na ugonjwa huu. Kidole kilichovimba chote kama nilivyokieleza ni alama nyingine yenye uzito mkubwa.

Tatu, nenda juu hadi machoni, kisha mdomoni. Macho mekundu yenye tongotongo kidogo ni ya kawaida na hupoa. Lakini jicho likiuma kwa ndani, likikimbia mwanga, na kuona kukawa na ukungu, hiyo ni hatari ya kupoteza uwezo wa kuona. Mgonjwa afikishwe kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, asiwekewe matone ya kununua dukani. Ndani ya mdomo huweza kutokea vidonda visivyouma, ambavyo mgonjwa hata havijui mpaka daktari amwashie tochi.

Kwenye nyayo na viganja huweza kutoka upele mgumu wenye magamba ya rangi ya kahawia, na kwa wanaume vidonda vidogo vya duara kwenye kichwa cha uume ambavyo navyo haviumi. Mtu akiona nyayo zake zimejaa magamba na miguu imevimba, na majirani wakasema amekanyaga kitu alichotegewa njiani, ninaelewa hofu hiyo inatoka wapi. Ugonjwa umeanzia mguuni, ghafla, kwa kijana aliyekuwa na nguvu jana. Anayeutazama bila kujua habari za tumbo na mkojo ataitafuta sababu kwa adui. Lakini siku zinazotumika kumtafuta adui ndizo siku ambazo daktari angeweza kulisaidia goti.

Nne, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote, rudi nyuma kwenye kalenda. Mwezi mmoja au miwili iliyopita kulitokea nini? Kuhara, hasa kuhara damu? Kukojoa kwa maumivu, usaha, au ute usio wa kawaida kwa mwanamke? Mpenzi mpya? Hapa wanawake wanaonewa zaidi. Klamidia kwa wanawake wengi haina dalili yoyote, na kwa wanaume wengi pia, kwa hiyo jibu la hapana halifungi mlango. Mwanamke huambiwa ana baridi, au uzito, au kazi nyingi, wakati klamidia inaendelea kuharibu mirija yake ya uzazi huku goti likipakwa dawa ya kuchua. Hapimwi kwa sababu hakuna anayedhani mama wa watoto watatu anayeuza samaki sokoni anaweza kuwa nayo.

Dalili zote hizi hazilazimiki kuja pamoja. Vitabu vya zamani vilisisitiza utatu wa viungo, macho na mkojo, na wanafunzi wengi wa tiba bado huukariri, lakini wagonjwa walio na vyote vitatu ni wachache. Goti na kisigino vikiwa na kuhara nyuma yao vinatosha kumfanya mtabibu afikiri.

Kabla ya kufikiri hivyo, lipo jambo moja la dharura ambalo halisubiri. Kiungo kimoja kilichovimba, chenye joto kali, kisichokubali kukunjwa hata kidogo, na mgonjwa ana homa na kutetemeka, kichukuliwe kuwa kina usaha mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bakteria walioingia ndani ya kiungo hula gegedu lake kwa siku chache tu na kumwacha mtu kilema, au kumwua. Daktari huchoma sindano gotini, huvuta maji na kuyatazama. Yakiwa na usaha, ni hospitali leo. Kisonono pia huweza kuingia kwenye kiungo kwa njia hiyo. Mtu wa namna hiyo asichuliwe, asikandwe, asipewe sindano ya kutuliza halafu akarudishwa nyumbani.

Watoto wana orodha yao. Katika ukanda huu wa ziwa na malaria, ugonjwa wa selimundu ni wa kawaida, na mtoto mwenye maumivu ya mifupa na viungo yanayorudi rudi apimwe huo. Mwenye umri wa shule aliyeumwa koo, kisha viungo vikawa vinahama kutoka kimoja hadi kingine, huenda ana homa ya baridi yabisi inayoshambulia moyo. Kifua kikuu nacho hukaa ndani ya goti moja kwa miezi, polepole. Na kuna virusi vya mbu: mwaka 1959 homa ya o'nyong-nyong ilizuka kaskazini mwa Uganda na kuenea Afrika Mashariki, ikawaacha watu wengi mno na viungo vilivyovunjika nguvu. Homa ya virusi ya namna hiyo huwapata wengi kwa mara moja, viungo vya pande zote mbili, pamoja na vipele.

Kwa hiyo mgonjwa anapofika hospitali ya Alupe, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Busia, au ile ya Kocholya kwa wale wa upande wa Malaba, ana haki ya kutarajia mambo machache: aulizwe, avuliwe viatu na miguu yote miwili iguswe, mkojo upimwe, apimwe virusi vya ukimwi kwa ridhaa yake, na kama goti limejaa maji, yavutwe. Alupe yenyewe ina historia ndefu ya kutazama miguu na ngozi za watu kwa makini. Hapo ndipo palipokuwa na kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki, miaka ambayo mtabibu alitegemea zaidi vidole na macho yake kuliko mashine. Ustadi huo ndio unaotakiwa hapa. Eksirei ya mwanzo kwa kawaida haioneshi kitu, na mgonjwa asivunjike moyo wala asishikilie kuilipia tena na tena.

Matibabu hayatishi. Dawa za kupunguza uvimbe kama ibuprofeni, naproksini au diklofenaki, kwa kipimo cha daktari na baada ya chakula, huwatosha wengi. Zina madhara kwa tumbo na figo zikimezwa kiholela kwa miezi, na zaidi kwa mtu anayezichanganya na pombe. Kiungo kikikataa kutulia, na usaha ukiwa umeshaondolewa shaka, daktari huweza kuchoma dawa ya steroidi ndani yake. Wachache wanaoendelea kuumwa zaidi ya miezi sita huhitaji dawa nzito kama salfasalazini au methotreksati, na hao wapelekwe kwa wataalamu wa viungo, ambao nchini Kenya ni wachache na wengi wako Nairobi. Antibayotiki haziponyi goti lililowashwa na kuhara kulikokwisha. Ila klamidia ikipatikana, au ikishukiwa kwa nguvu, lazima itibiwe, na wapenzi wote watibiwe pamoja, wawe Kenya au ng'ambo ya mpaka. Goti lipumzishwe siku za mwanzo tu, kisha linyooshwe na kutembezwa, kwa sababu msuli wa paja hukonda upesi mtu akilala.

Ninachokiogopa ni vidonge vidogo visivyo na jina vinavyouzwa kwa kuhesabu kwenye vikaratasi, vya kumaliza maumivu ya mwili usiku mmoja. Mara nyingi dawa ya namna hiyo huwa ni steroidi. Mtu hupata nafuu ya ajabu, hurudi kununua, na baada ya miezi uso umevimba, sukari imepanda, mifupa imelegea, na maambukizi yaliyofichwa yameshika mwili. Nafuu ya usiku mmoja isimdanganye mtu yeyote.

Wengi hupona. Ndani ya miezi sita, au mwaka, kijana wetu anaweza kuwa amerudi kijiweni akibeba abiria wawili. Baadhi watarudiwa, hasa wakiambukizwa tena, na wachache watabaki na mgongo au visigino vya kuuma kwa miaka. Kuzuia kunaanza mbali na hospitali: maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, mikono iliyooshwa kwa sabuni kabla ya kugawa chakula cha shughuli, kondomu, na kuhara damu kunakopelekwa kituoni badala ya kuachwa kuishe.

Kwa mtabibu anayesoma haya jioni ya Jumamosi baada ya foleni ya wiki nzima: ukimwona Jumatatu kijana mwenye goti moja lililojaa, kabla ya kuandika brusela muulize alikuwaje mwezi uliopita, na umvue viatu. Kwako msomaji wa Chakol, Busia au Malaba: usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe lini uliharisha, lini mkojo ulichoma, lini macho yalikuwa mekundu, na kama kuna mtu wa kutibiwa pamoja nawe. Kama ni vigumu kulisema mbele ya watu waliojaa chumbani, omba mlango ufungwe. Unayo haki hiyo.